Mzeituni hustahimili kiu, lakini kuzaa ni jambo jingine

Ndugu yangu anayelima mahindi Likuyani, kaunti ya Kakamega, amenipigia simu akiuliza kama anunue miche ya mizeituni. Muuzaji amemwambia ni mti usiojua ukame. Swali hilo nimelisikia hata hapa kwetu Pwani tangu mafuta ya zeituni yapande bei, kwa hivyo namjibu hadharani.

Muuzaji hakusema uongo wote. Jani la mzeituni ni dogo na gumu. Juu lina nta, chini limefunikwa na vigamba vidogo vinavyolipa ile rangi ya fedha. Vitundu vyake vya kupumulia viko huko chini, na udongo ukikauka mti huvifunga maji yasipotee. Mirija yake ya kupandisha maji ni myembamba, haizibwi upesi na mapovu ya hewa. Tena hulimbikiza sukari ndani ya seli, ukaweza kuvuta maji kwenye udongo ambao mahindi yameshaukatia tamaa.

Tatizo ni kwamba vitundu hivyo ndivyo mlango wa hewa ya kaboni, ambayo jani hupikia chakula. Ukifunga mlango, na jiko linazimika. Halafu maji yanayotoka ndiyo yanayolipoza jani. Yakizuiwa mchana wa jua kali, jani huungua polepole. Mti haufi, unakaa tu. Joto na ukame vikikutana wakati wa maua, chavua hushindwa kazi na vitunda vichanga huanguka. Hispania, inayoongoza duniani kwa mafuta haya, yaliipata: msimu wa 2022/23 ilitoa chini ya nusu ya mafuta ya msimu uliotangulia. Bei tuliyoilalamikia dukani ilianzia huko.

Likuyani kuna shida ya kinyume. Mzeituni wa mafuta unataka wiki kadhaa za baridi ndipo utoe maua vizuri. Kule ni nyanda za juu, usiku kuna ubaridi, lakini ni karibu na ikweta, hakuna majira ya baridi. Mombasa na Malindi ndiyo usiseme. Utapata kivuli kizuri, pengine bila tunda hata moja.

Anayetaka mti wa jamii hii kuna mzeituni mwitu, wa huku huku kwetu, ambao Wamaasai huuita oloirien na kuufukizia vibuyu vya maziwa. Vitunda vyake ni vya ndege zaidi kuliko vya kinu. Ila huo nao tunaumaliza kwa makaa.

Ndugu yangu nimemwambia hivi: kabla hujatoa shilingi, muuzaji akuonyeshe mti mmoja uliozaa huko huko Likuyani.