Nyumba Imechakaa, Bei Iko Chini: Piga Hesabu Kabla ya Kutuma Pesa

Umeiona pale mtaani. Mabati yameshika kutu, dirisha moja limezibwa kwa mbao, na ukutani kumeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba inauzwa. Bei iko chini kuliko nyumba zote za jirani. Tayari kichwani unaona ukiirekebisha, unaipangisha, au unaiuza kwa faida.

Inawezekana kabisa. Kuna watu wameanza hivyo hivyo, nyumba moja kwa wakati. Lakini pesa nyingi hupotelea kwenye nyumba za aina hii, na mara nyingi hupotea kabla hata ya ununuzi kukamilika. Leo tunakupitisha hatua kwa hatua: utaongeaje bei, pesa itatoka wapi, na utalipaje bila kuumia.

Kwanza, uliza ni kwa nini imechakaa

Nyumba haichakai bila sababu. Mara nyingi mwenyewe alifariki, na watoto hawajaelewana. Hapo tahadhari sana. Kwa sheria ya urithi ya Kenya, nyumba ya marehemu haiwezi kuuzwa mpaka mahakama ithibitishe hati ya usimamizi wa mirathi. Ukinunua kwa mtoto mmoja kwa sababu ndiye anayeshika funguo, wenzake wanaweza kukupeleka kortini, na kumwingilia marehemu mali yake ni kosa la jinai.

Kama mwenyewe yuko hai na ana mke au mume, hakikisha mwenzake ameridhia kwa maandishi. Bila idhini hiyo, uuzaji wa nyumba ya familia unaweza kubatilishwa.

Kisha fanya sachi. Nairobi hufanywa kwenye mfumo wa Ardhisasa. Kwingine, wakili wako atakuelekeza. Sachi itakuonyesha jina la mwenye ardhi, na kama kuna mkopo wa benki au kizuizi juu yake. Nenda pia kaunti uulize kama kuna deni la kodi ya ardhi.

Kwa wasomaji wetu wa Mombasa, kuna swali la ziada: unauziwa nyumba na ardhi, au nyumba peke yake? Pwani kuna nyumba nyingi za Kiswahili ambazo mwenye nyumba si mwenye kiwanja. Yeye humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Bei huwa nafuu, lakini huwezi kuitumia ardhi kama dhamana benki, na mwenye kiwanja akibadili nia, kuta zako ziko juu ya ardhi ya mtu. Na kama nyumba iko Mji wa Kale, kumbuka ni eneo la uhifadhi. Usibomoe wala kubadilisha sura yake bila kibali.

Pili, tafuta bei yako ya mwisho

Usianze na bei ya muuzaji. Anza na bei ambayo nyumba itakuwa nayo ikishatengenezwa, halafu urudi nyuma. Nenda na fundi unayemwamini, mpande mpaka darini, mfungue mifereji, muangalie nyaya. Tuchukue mfano wa nyumba inayouzwa shilingi 3,500,000 mjini, wakati nyumba kama hiyo ikiwa nzuri huenda kwa 4,500,000:

- Paa jipya: 350,000
- Mabomba na vyoo: 180,000
- Nyaya za umeme: 120,000
- Milango, madirisha na rangi: 200,000

Jumla ni 850,000. Ongeza asilimia 15 kwa mambo ambayo fundi hakuyaona, inakuwa 977,500. Weka wakili na ada ndogondogo, tuseme 100,000. Weka ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Hapa takriban 114,000. Halafu jiwekee faida, tuseme 450,000, kwa sababu hufanyi kazi ya bure.

Toa yote hayo kwa 4,500,000 na unabaki na kama 2,850,000. Hiyo ndiyo bei yako ya mwisho. Iandike kwenye karatasi kabla ya kukutana na muuzaji. Ikipita hapo, unalipa kutoka kwenye faida yako mwenyewe.

Tatu, bei ni maelewano

Usiitukane nyumba. Huenda mzee aliijenga kwa pesa za kahawa, au mama alilelea watoto humo. Weka tu makadirio ya fundi mezani na uzungumze taratibu: "Mzee, mahali ni pazuri na kuta ni imara. Lakini paa lote linatoka, na gharama ndiyo hii. Nikitoa hiyo naweza kufika milioni mbili na nusu, na sitakuzungusha kwa malipo."

Kisha nyamaza, umwache aongee. Jua pia kwamba bei si kitu pekee cha kuongea. Akikataa kushuka, mwombe alipe deni la kodi ya kaunti. Au mkubaliane umpe muda wa kuhama. Mtu mwenye karo ya kulipa mwezi huu anaweza kupendelea pesa kidogo inayokuja haraka. Muuzaji pia anaweza kuwa na kodi ya faida ya mtaji ya kulipa, asilimia 15, kwa hiyo usishangae akiitia kwenye hesabu zake.

Ikishindikana, mshukuru na uondoke. Nyumba chakavu haziishi.

Nne, pesa itatoka wapi?

Benki hukopesha kwa kufuata ripoti ya mthamini, na nyumba isiyokalika inaweza kukataliwa au kupewa thamani ndogo. Ndiyo maana wengi huenda kwenye sacco, ambapo mara nyingi unaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yako. Lakini kumbuka wadhamini: ukishindwa kulipa, akiba yao ndiyo itakatwa. Mnunue kama chama? Andikeni nani ametoa ngapi, na jina la nani litaingia kwenye hati.

Na hili tunalisema hata kama tuko kwenye biashara ya simu: usinunue nyumba kwa mkopo wa simu. Ule ni wa siku chache, wa kuziba pengo dogo. Nyumba inaweza kukaa miezi kabla ya kukurudishia hata shilingi.

Tano, lipa kwa njia inayoacha alama

Kwa kawaida, malipo ya awali ni asilimia 10, na mauzo hukamilika ndani ya siku 90. Asilimia 10 ya 2,850,000 ni 285,000. Kikomo cha kutuma kwa mara moja ni 250,000, na kwa siku ni 500,000, kwa hiyo utatuma mara mbili au utumie benki. Vyovyote vile:

1. Saini mkataba kwanza. Makubaliano ya kununua ardhi lazima yaandikwe, yatiwe saini na yashuhudiwe. Ujumbe wa malipo kwenye simu si mkataba.
2. Tuma kwenye akaunti ya wakili iliyotajwa ndani ya mkataba. Usitume kwa namba ya broka.
3. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa tofauti, simama.
4. Ukiambiwa utume "kitu kidogo cha kushikilia nyumba" leo kwa sababu kuna mteja mwingine njiani, mwambie ampe huyo mteja mwingine.
5. Weka taarifa za malipo yako yote, pamoja na ya mafundi. Mafundi walipe kwa hatua, kazi ikionekana.

Kabla ya kutuma shilingi ya kwanza, chukua kalamu upige ile hesabu ya paa, mabomba na nyaya kwa nyumba uliyoiona wewe. Ikikubali, ita wakili. Ikikataa, pesa yako bado iko kwenye simu yako.