Panua FOV, Dogo Asitapike

Wasee wa Pemba wanaijua bahari, kwa hiyo hii stori naianzia kwa boti. Ukitoka Unguja kwenda Mkoani, mpaka Nungwi mambo ni shwari, kisiwa kinakukinga. Ukishapita hapo, kusi likiwa limekaza, ngori inaanza. Mifuko inagawiwa, watu wanainama. Anayeumia zaidi ni yule amejifungia ndani, macho kwa simu. Macho yanamwambia ametulia, sikio la ndani, pale balansi ya mwili inapokaa, linamwambia anarushwa juu chini. Ubongo unapata ripoti mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalipa. Ndiyo maana mzee yeyote wa pwani atakwambia utoke nje, ushike reli, ucheki kule bahari inapokutana na mbingu.

Gemu za kupiga risasi zinakupiga vilevile, ila kinyumenyume. Hapa macho ndiyo yanakimbia, yanaruka ukuta, yanageuka ghafla, na sikio linadai umekalia benchi tu. Naongelea zile gemu humwoni jamaa unayemchezesha, unaona kwa macho yake, mikono na bunduki tu ndiyo iko mbele: Call of Duty, Counter-Strike, PUBG ukiweka FPP, hata Minecraft ambayo haina bunduki. Kuna masela wanazichapa mpaka alfajiri na wako fiti. Kuna wengine muda mfupi tu mate yashajaa mdomoni.

Mi ni mse wa Kilifi, damu ya Pemba. Sisi ndio wale Wapemba Kenya ilitutambua rasmi 2023. Kila nikivuka kusalimia familia Chake Chake, base yangu ni vibanda vya gemu. Kawaida utapata ni boli tu inachezwa, lakini siku hiyo nilikuta Call of Duty imewekwa. Chumba kimoja, TV ya inchi 32 juu ya meza, benchi limesukumwa mbele mpaka magoti yanagusa meza, kwa sababu nyuma kuna mbogi imesimama inangoja zamu. Dogo aliyeshika pad alikuwa anapiga miayo na hana usingizi. Jasho limemtoka juu ya mdomo, anameza mate kila saa.

"Kaka, kichwa chanizunguka," akamwambia mwenye kibanda.

Wenzake wakaangua kicheko. Eti mtoto wa mvuvi anatapishwa na TV! Hiyo kitu iliniuma, kwa sababu ndivyo madogo wengi wanavyofukuzwa kwa hizi gemu, wakiamini wao ni wanyonge. Huyu dogo hakuwa na unyonge wowote. Alikuwa anacheza na setingi ya mtu mwingine.

Huyo mwingine ni mse aliyejimwaga kwa sofa, mbali kabisa. Piga hesabu nami. TV ya inchi 32 ina upana wa karibu sentimita 71. Ukiitazama kutoka mita 2.5, inachukua kama digrii 16 tu za macho yako. Ukiwa sentimita 70, kama kwa lile benchi, inachukua karibu digrii 54. Sasa FOV ndiyo kile kipande cha dunia ya gemu, kwa digrii, kinachoingia kwa skrini kutoka kushoto hadi kulia. Waundaji wa gemu za konsoli walimfikiria yule wa sofa, na pia walitaka mashine ipumue, maana FOV ikiwa ndogo vitu vya kuchora vinapungua. Call of Duty ya konsoli ilikaa miaka na 65, na hukuwa na ruhusa ya kuigusa. Wasee wa kompyuta, wanaokaa pua kwa skrini, walikuwa washazoea upana kitambo: Doom ya 1993 ilikuwa na 90.

Ukikaa karibu na FOV ni nyembamba, picha yote imevutwa mbele. Ukigeuza kidole kidogo tu, ukuta mzima unapita mbio machoni. Pembeni nako huoni, kwa hiyo unageukageuka zaidi kumsaka adui, na kila kugeuka kunaongeza kizunguzungu.

Bahati nzuri ile ilikuwa Black Ops Cold War, ya 2020, ambayo ilileta slaida ya FOV kwa konsoli. Mwenye kibanda aliisogeza polepole, 80, kisha 90. Bunduki ikarudi chini kwa kona, korido ikafunguka, na mlango uliokuwa umejificha kushoto ukatokea. Akazima na ule ukungu wa picha unaokuja ukigeuka, na mtikisiko wa kamera. Dogo alikuwa nje anapigwa na upepo, anakunywa maji. Hii usiiruke: ukirudi tumbo bado limechafuka, hakuna namba itakuokoa. Aliporudi, akamaliza mechi yake, na wale waliomcheka wakaanza kudai nao wabadilishiwe.

Kama CD yenu ni ya zamani na slaida haimo, sukumeni benchi nyuma. Kwa Counter-Strike nako usisumbuke, ile ya macho wameifunga, utabadilisha tu jinsi mikono na bunduki vinavyokaa.

Lakini usikimbilie 120 eti kuna pro YouTube anaitumia. Ukipanua sana, pembeni picha inavutika na kupinda, na hiyo pekee inawasumbua wengine. Adui wa mbali anakuwa kadogo. Mashine inachora vitu vingi zaidi, picha inaanza kukwamakwama, na kichefuchefu kinarudi kwa mlango wa nyuma. Mi naonelea upande kidogokidogo, na pale mwili unapotulia, usimame hapo. Namba ya msee mwingine isikushughulishe.

Kwa simu, ambako wengi wetu ndiko tunacheza, hesabu inageuka. Skrini ya upana wa sentimita 15, ukiishika sentimita 30 kutoka usoni, inachukua kama digrii 28 tu. Kwa hiyo ile mbio ya picha haikufuniki sana, ila ukipanua kupita kiasi vitu vinakuwa vidogo na utaanza kuisogeza simu puani. PUBG Mobile inakuruhusu 80 mpaka 103 kwa FPP, anzia katikati. Minecraft inaenda 30 mpaka 110, ila yenyewe inapima kutoka juu hadi chini. Humo zima kule kuyumba kwa kamera unapotembea, halafu zima ile inayoruhusu FOV ibadilike yenyewe. Hiyo ya pili ni noma sana: ukikimbia dunia inatanuka, ukisimama inarudi, na macho hayapati pa kutulia.

Na nyinyi wenye vibanda, mabro zangu, naomba kitu kimoja. Konsoli inawapa nafasi ya kumfungulia kila mteja wa kila siku profaili yake. Gemu nyingi zitahifadhi setingi zake humo. Mkiona hiyo ni kazi nyingi, basi lile daftari la madeni lipo: kando ya jina la dogo andikeni na FOV yake, na akikaa tu, mwekeeni kabla muda wake haujaanza kuhesabiwa.