Je, Wajua? Mbegu Mwanzoni, Jani Mwishoni

Je, wajua kwamba karafuu unayotia kwenye pilau ni tumba la ua ambalo halijachanua? Likishachanua mtini, thamani yake hushuka. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Zanzibar uliingia mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na mpaka leo Pemba ndiyo inayoongoza.

Kungumanga na basibasi je? Hivyo ni viungo viwili vya tunda moja. Kungumanga ni kokwa. Basibasi ni utando mwekundu unaoikumbatia.

Giligilani na kotmiri nazo ni mmea mmoja: mbegu na jani. Hapa ndipo palipo na somo la jikoni ambalo ningependa kila mpishi alijue. Mbegu, magome na matumba ni vigumu, na harufu yake huyeyuka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kwa hiyo bizari nyembamba, ile ambayo Wazanzibari huiita uzile, pamoja na mdalasini na karafuu, vipitishe kwanza kwenye mafuta ya moto mpaka visikike harufu, ndipo vitunguu vifuate. Jani ni laini. Kotmiri iliyochemka nusu saa hubaki rangi tu. Inyunyize chungu kikishaepuliwa.

Jaribu kwa maharage, maana ndiyo tunayoyala mara kwa mara na ndiyo tunayoyachoka upesi. Leo yaunge kwa bizari nyembamba na nyanya. Kesho yatie tui zito, iliki na sukari kidogo, yawe maharage matamu ya pwani. Keshokutwa tangawizi, kitunguu saumu na kijiti cha mdalasini, kisha kotmiri juu. Gunia ni lilelile, na watoto watauliza umepika nini.

Je, wajua kitunguu saumu kizima hakina ukali wake wote? Ukali huzaliwa kinapopondwa, chembe zake zinapopasuka na vilivyomo kuchanganyika. Kiponde, kiache dakika 10, ndipo kiingie motoni.

Tangawizi si mzizi, ni shina linalotambaa chini ya ardhi. Manjano pia.

Na doa la manjano kwenye kanga, likiguswa na sabuni, hugeuka jekundu. Usishtuke: sabuni ndiyo inayoligeuza rangi. Suuza, kisha anika juani. Mwanga wa jua hulififisha.

Pilipili, kichaa na hoho, zote asili yake ni bara la Amerika. Pilipili manga ni mmea mwingine kabisa, wa India. Ukiwashwa na pilipili kichaa, maji hayasaidii, kwa kuwa kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji. Kunywa maziwa.