Miwani ya uhalisia pepe: Jinsi ya kuona wazi bila kuumia

ANAYEVAA miwani ya uhalisia pepe kwa mara ya kwanza aghalabu huivua upesi akilalamika kwamba picha zina ukungu, mashavu yanamuuma au kichwa kinamzunguka.

Katika Kaunti ya Kitui, ambako jua kali na vumbi ni mambo ya kila siku, malalamiko hayo hupata sababu za ziada. Wengi huamua kwamba kifaa ni kibovu au kwamba macho yao hayakifai. Hata hivyo, mara nyingi kosa limo katika namna kilivyovaliwa.

Miwani hiyo hufunika macho kabisa na kumfanya mvaaji ajione yumo mahali pengine. Wakenya si wageni katika fani hii. Mnamo 2017, Ng'endo Mukii wa Nairobi alitoa filamu ya aina hiyo iitwayo Nairobi Berries. Vyuo navyo huweza kuitumia kumwonyesha mwanafunzi moyo wa binadamu au mtambo asioweza kuufikia. Mwanafunzi anayeona ukungu, basi, hukosa somo.

Tatizo la uzito ni kongwe kama kifaa chenyewe. Mwaka wa 1968, mwanasayansi Ivan Sutherland wa Marekani alipoonyesha mojawapo ya vifaa vya kwanza vya namna hii, kilikuwa kizito hivi kwamba kilining'inizwa kutoka darini. Quest 2, iliyotoka 2020, ina uzito wa gramu 503, na Quest 3 ya 2023 ina gramu 515. Hiyo ni nusu kilo ya sukari iliyofungwa usoni.

Mama wa Ukambani anayebeba mtungi wa maji mgongoni kwa ukanda unaopita kichwani anajua siri ya kutatua jambo hili: mzigo hutulia pale ukanda unapokaa mahali pake. Mkanda wa nyuma wa miwani unapaswa kushika chini ya kisogo, nao wa juu ya utosi ubebe uzito. Mikanda ya kando haifai kukazwa hadi uso uumie. Kazi yake ni kuzuia kifaa kisiteleze. Mwenye nywele zilizosukwa azigawe ili mkanda upate pa kukaa.

Baada ya uzito kuna uwazi wa picha. Kila lenzi ina sehemu ndogo katikati ambapo picha huonekana vyema zaidi. Kifaa kikishuka au kupanda kwa milimita chache tu, maandishi hufifia. Mvaaji afungue maandishi yoyote, akisogeze kifaa juu na chini polepole, na akaze mikanda pale herufi zinapoonekana wazi.

Jambo linalosahauliwa mno ni umbali kati ya mboni za macho. Kwa watu wazima wastani ni takriban milimita 63, ingawa wengi huwa kati ya 54 na 74. Quest 2 ina nafasi tatu pekee za lenzi: milimita 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu dogo la kurekebishia.

Kipimo hicho hupatikana kwa rula na kioo cha kujitazamia. Mtu huweka rula juu ya nyusi, hufumba jicho la kulia na kulinganisha sifuri na mboni ya kushoto. Kisha, bila kusogeza kichwa wala rula, hufumba la kushoto na kusoma namba iliyo juu ya mboni ya kulia.

Wapo pia wanaodhani kwamba asiyeona mbali hahitaji miwani yake ya kawaida kwa kuwa skrini iko karibu na jicho. Dhana hiyo si sahihi. Lenzi hufanya picha ionekane kana kwamba iko zaidi ya mita moja mbele, hivyo mtu huyo bado huihitaji. Atumie kipande cha kuongeza nafasi, ili vioo vyake visikwaruze lenzi za kifaa.

Kizunguzungu nacho hutokea macho yanapoona mwendo ilhali sikio la ndani linahisi kwamba mwili umetulia. Dawa yake ni kuanza kwa kuketi, kuchagua michezo isiyo na mwendo wa kasi, na kuvua kifaa dalili ya kwanza inapojitokeza. Kujikaza hakusaidii. Mwongozo wa usalama wa Oculus ulishauri mapumziko ya dakika 10 hadi 15 kila baada ya nusu saa.

Jasho nalo lisipuuzwe. Mwaka wa 2021, sponji za uso za Quest 2 takriban milioni nne ziliondolewa sokoni Marekani baada ya baadhi ya watumiaji kuwashwa ngozi, na wenye kifaa wakapewa kifuniko cha silikoni. Kifuniko cha aina hiyo hufutika kwa urahisi, jambo la maana pale kifaa kimoja kinapovaliwa na darasa zima.

Lenzi zipanguswe vumbi kwanza, kisha zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, bila maji wala spiriti. Muhimu zaidi, zisielekezwe juani kamwe. Hukusanya miale na kuunguza skrini, kama watoto wanavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia, na doa hilo halitoki. Kuiacha miwani dirishani adhuhuri ya Kitui ni kuipoteza.

Iwapo ukungu utabaki hata baada ya hatua hizi zote, huenda chanzo ni jicho lenyewe. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba walimu waliofunzwa waliweza kupima macho ya wanafunzi kwa simu. Watoto waliopatikana na kasoro walikumbushwa kwenda hospitalini, na zaidi ya nusu yao walifika.

Mtoto anayelalamika kwamba miwani ya darasani ina ukungu huenda pia haoni ubao vizuri. Kabla ya kubadilisha kifaa, apelekwe kwanza kliniki ya macho.