Tom Hopkinson, Mwalimu wa Waandishi wa Habari



Mara nyingi twawaambia wanafunzi wetu kwamba amri ya Mungu ikatazayo ushahidi wa uongo si kwa ajili ya mbele ya hakimu tu. Yahusu pia barua, na gazeti, na kila neno lipigwalo chapa. Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu aliyelishika jambo hilo hata likamkosesha kazi yake, kisha akaja huku kwetu Afrika kuwafundisha wengine.

Tom Hopkinson alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa Manchester, Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu wa mambo ya kale, kisha akaitika wito akawa kasisi. Kijana alisoma Oxford, akaingia katika kazi ya magazeti. Mwaka 1938 lilianzishwa London gazeti la picha liitwalo Picture Post, naye akawa msaidizi wa mhariri wake, Stefan Lorant, mtu wa Hungaria aliyekwisha kufungwa gerezani na Hitler. Lorant alipokwenda Marekani mwaka 1940, Hopkinson akashika mahali pake.

Mwaka huo Ufaransa ilishindwa, na Waingereza wakangoja adui avuke bahari. Tarehe 14 Mei serikali ilitangaza kwa redio kutaka watu wa kujitolea kulinda vijiji na miji yao, na kwa siku chache walijiandikisha zaidi ya 250,000. Lakini bunduki zilikuwa haba, na mafunzo haba zaidi. Ndipo Hopkinson, pamoja na Edward Hulton mwenye gazeti, na Tom Wintringham aliyekuwa amejitolea kupigana katika vita vya Hispania, wakafungua chuo katika shamba la Osterley karibu na London. Bwana mwenye shamba aliwapa ruhusa, ila akawasihi wasiilipue nyumba yake! Huko makarani, vibarua na askari wa zamani walijifunza kujificha, kuvizia, na kutupa mabomu ya mkono. Wakubwa wa jeshi hawakukipenda chuo hicho mwanzoni. Hata hivyo kabla ya mwaka kwisha walikitwaa wakakiendeleza wenyewe.

Lakini jaribu kubwa la Hopkinson lilikuja baada ya vita hivyo. Mwaka 1950 vita vilitokea Korea, na majeshi ya Uingereza yalipigana upande wa Kusini. Hopkinson alimtuma James Cameron aandike, na Bert Hardy apige picha. Katika mji wa Pusan waliwaona wafungwa wa siasa, watu wasiohukumiwa bado, wakiteswa mikononi mwa serikali ya Kusini, yaani rafiki za Waingereza. Picha zilikuwapo, na mashahidi walikuwapo. Hulton aliogopa kwamba habari hiyo itawafaa adui, akaamuru mitambo isimamishwe. Hopkinson hakukubali kwamba jambo la kweli lifichwe kwa sababu mkosaji ni rafiki. Basi akaondolewa kazini, baada ya miaka kumi ya kuliongoza gazeti lile.

Mwaka 1958 alikwenda Johannesburg kuwa mhariri wa Drum, gazeti lililosomwa sana na Waafrika na kuandikwa na Waafrika wenyewe. Tarehe 21 Machi 1960 polisi walipiga risasi watu huko Sharpeville, wakafa 69. Mpiga picha wa Drum, Ian Berry, alikuwapo, na picha zake zilionyesha watu wakikimbia, wala si wakishambulia.

Kisha, toka mwaka 1963 hata 1966, alikaa Nairobi akiongoza mafunzo ya waandishi wa habari, naye akawafundisha vijana wa nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zikipata uhuru. Mwaka 1970 alifungua chuo cha namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Cardiff. Alifariki mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 85.

Wapenzi, si vigumu kusema kweli juu ya kosa la adui, kwa maana ulimi huikimbilia wenyewe. Kweli iliyo ngumu ni ile imhusuyo rafiki, au bwana atupaye mshahara, au ndugu wa usharika wetu. Nasi walimu, tunapoandika kwa kasisi habari ya mtu aliyeanguka, je, tumeona kwa macho yetu, au tumesikia kisimani? Na mkosaji akiwa ni wa ukoo wetu, je, kalamu yetu hukauka wino?

Nanyi wazazi, watoto wawasomeapo gazeti jioni, waulizeni: Ni nani aliyeona? Mtoto aliyezoea swali hilo hatakuwa shahidi wa uongo upesi.