Amoksilini: dawa ya rangi mbili isiyopaswa kununuliwa kwa kukadiria

Mtu anafika dukani akishika shavu au akikohoa. Hana cheti, hajapima. Anasema, "Naomba rangi mbili za buku." Anapewa vidonge kadhaa kwenye karatasi, anameza viwili palepale kwa maji ya chupa, anaondoka. Keshokutwa maumivu yakipungua, vilivyobaki vinawekwa juu ya kabati vimsubiri mgonjwa mwingine wa nyumba hiyo.

Hali hii si ngeni kwa wasikilizaji wetu wa Lagangabilili na vijiji vingine vya Itilima. Katika makala haya tunaeleza dawa hiyo ni ipi, inatibu nini, inamezwaje, na kwa nini matumizi ya kukadiria yanaweza kumgharimu mtoto wako au jirani yako.

Rangi mbili ni dawa gani?

Tuanze na jina lenyewe. "Rangi mbili" si jina la dawa. Amoksilini huja mara nyingi kwenye kapsuli ya rangi mbili, lakini hata tetrasaiklini na dawa nyingine huja hivyo hivyo. Ukiomba kwa rangi unaweza kupewa dawa usiyoihitaji. Tetrasaiklini, kwa mfano, haifai kwa mjamzito wala kwa mtoto mdogo, kwa sababu huharibu meno na mifupa inayokua. Soma boksi au uliza. Amoksilini huandikwa Amoxicillin.

Amoksilini ni antibayotiki ya ukoo wa penisilini. Inaua bakteria kwa kuvunja ukuta unaowazunguka. Ndiyo maana inasaidia kwenye nimonia inayoletwa na bakteria, baadhi ya maambukizi ya sikio na koo, na jipu la jino. Virusi havina ukuta huo, kwa hiyo mafua hayasikii amoksilini. Kikohozi kingi cha mafua na kuhara kwingi kwa watoto pia havihitaji dawa hii. Malaria nayo ina vimelea vyake na dawa yake, yaani dawa mseto, na huthibitishwa kwa kipimo. Homa si jina la ugonjwa. Pima kwanza.

Hesabu ya dozi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tuchukue mfano wa mtu mzima aliyeandikiwa miligramu 500 mara tatu kwa siku, kwa siku 5. Hizo ni dozi 15. Kapsuli zikiwa za miligramu 500, atameza moja moja, jumla 15. Zikiwa za miligramu 250, atameza mbili mbili, jumla 30. Sasa mtu anayenunua kapsuli 10 za miligramu 250 ana dozi 5 tu, ambazo haziwezi kumfikisha hata siku mbili. Hajapunguza gharama, amenunua njia ya kurudi kwenye ugonjwa.

Huo ni mfano tu. Kipimo chako na idadi ya siku hutegemea ugonjwa, umri na uzito, na hivyo anayepanga ni mhudumu wa afya aliyekupima.

Ukiandikiwa "1x3", maana yake ni moja kila baada ya saa 8. Si asubuhi, mchana na jioni kwa haraka haraka ili uwahi shambani. Ratiba rahisi ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Simu uliyo nayo mkononi ina kengele, itegeshe. Dawa hii inaweza kumezwa kabla au baada ya kula, kwa hiyo kukosa chakula mchana si sababu ya kuruka dozi. Ukisahau, meza mara unapokumbuka. Kama muda wa dozi inayofuata umekaribia, endelea na hiyo. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Maliza siku ulizoandikiwa hata kama umepata nafuu. Na kama siku 2 au 3 zimepita bila nafuu yoyote, usiongeze vidonge mwenyewe. Rudi kituoni.

Kwa mtoto

Nimonia, ambayo wengine huiita kichomi, ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi walio chini ya miaka 5. Mtoto akiwa ametulia, hesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni kupumua kwa kasi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea sana au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usisubiri kuche. Kichanga cha chini ya miezi 2 akiugua, mwahishe bila kuhesabu kwanza.

Watoto wengi hupewa amoksilini ya kidonge kinachoyeyuka kwenye maji safi kidogo au maziwa ya mama. Ukipewa ya unga wa kuchanganya, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, jaza hadi alama ya chupa, na utikise kila unapompa. Baada ya kuchanganya, dawa hiyo huhesabiwa kwa siku, kama lebo inavyoelekeza. Ikibaki, imwagwe. Usimwekee mdogo wake.

Nani awe mwangalifu?

Kama uliwahi kuvimba au kutoka vipele baada ya penisilini, sema kabla hujaandikiwa. Ukimeza kisha ukawashwa mwili mzima, ukavimba midomo au ukabanwa na pumzi, acha dawa na ukimbie kituoni. Tumbo kuvurugika kidogo ni kawaida, lakini kuhara damu au kuhara sana si kawaida. Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kutibiwa kwa amoksilini, ila wamweleze mhudumu hali yao.

Dawa iwekwe pakavu, mbali na jua na mikono ya watoto. Ndani ya nyumba ya bati, sehemu ya juu karibu na paa ndiyo yenye joto kali. Na dawa iliyoanikwa juani mnadani pamoja na wembe na betri, iache hapo. Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, ukiwa na cheti, na uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kwa nini inatuhusu sote?

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi pungufu itawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Ndicho kinachotokea. Bakteria dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki na kuzaana. Wataalamu wanauita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Shirika la Afya Duniani linasema bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Wafugaji nao wamo. Sindano ya oksitetrasaiklini, maarufu kama OTC, ni antibayotiki pia. Ng'ombe achomwe kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, na maziwa na nyama visitumike hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Dawa ya ng'ombe isitumiwe na binadamu.

Bakteria sugu hawana mpaka wa boma. Anayemeza vidonge vinne leo na kuacha anaweza kumwachia jirani ugonjwa usiosikia dawa iliyopo kwenye zahanati ya kijiji, na dawa inayofuata ikawa ya bei kubwa, ya sindano, na iko Bariadi au Mwanza.

Kwa hiyo ukifika dukani, usiombe rangi wala usitaje buku. Toa cheti, kisha uliza mambo matatu: dawa hii inaitwaje, nameza ngapi kila baada ya saa ngapi, na kwa siku ngapi? Kama fedha haitoshi dozi nzima, rudi umweleze mhudumu aliyekuandikia kabla hujameza cha kwanza.