Bitcoin yafika Usita wa Mui

Mwaka 2013, watafiti waliokuwa wakichimba kisiwani Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, walifukua sarafu ya mfalme Yongle wa Uchina, aliyefariki 1424. Ni ya shaba na fedha, na katikati ina tundu la mraba. Imevuka bahari nzima. Lakini je, mvuvi wa Manda angeipokea kwa mtungo wa samaki? Angeipokea iwapo tu alijua muuza mchele naye ataipokea.

Leo swali hilo limehamia Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, dukani kwa muuza kofia za vito. Tuseme mgeni kapenda kofia ya shilingi 6,000, na mfukoni hana ila Bitcoin iliyomo kwenye simu. Muuzaji akiipokea, kapokea na misukosuko yake: Novemba 2021 Bitcoin moja ilipita dola 60,000, mwisho wa 2022 haikufika 20,000. Fundi aliyetoboa vito kimoja kimoja anadai ujira wake kwa shilingi, na nahodha wa boti ya kwenda kijiji cha Shela hali kadhalika.

Programu ya Tando, inayotumika Kenya, imelizunguka tatizo hilo. Mgeni anaandika namba ya Lipa na M-Pesa ya duka na bei kwa shilingi. Programu inamtolea ankara ya Bitcoin, anailipa kupitia mtandao wa Lightning, na dukani zinaingia shilingi. Muuzaji hahitaji pochi ya kidijitali wala somo la sarafu mtandao.

Serikali nayo imebadili sauti. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi kwamba sarafu hizi si fedha halali. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria inayowataka watoa huduma za sarafu hizo wawe na leseni, chini ya uangalizi wa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

M-Pesa yenyewe, ilipoanza Machi 2007, ilijengewa imani na wakala wa mtaani: ulimpa namba ya simu, naye akakuhesabia noti. Bitcoin nayo Lamu itapimwa kwa mizani hiyo hiyo. Kwa hiyo muuza kofia, mgeni akikuonyesha kioo cha simu yake kimeandika "imelipwa", usikitazame. Tazama simu yako. Ujumbe ukiingia, mfungie kofia yake.